Unga Ndani ya Rejeta

Gari likichemka, usikimbilie kufungua kitu. Zima injini, inua boneti, kisha ushike zile paipu mbili za maji, ya juu na ya chini. Zote zikiwa moto, maji yanazunguka vizuri. Tafuta ubaya kwingine, kwenye feni au mkanda au mafuta. Ya juu ikikuunguza na ya chini ikawa baridi, rejeta imeziba. Maji yanafika hapo ili yapoe, hayapati njia. Basi. Mtu hahitaji cheti kujua hilo, anahitaji mikono miwili tu. Nimewaonyesha watu wengi sana, na siku moja nilipotakiwa kulisema kwa mdomo mbele ya watu, nililimeza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa fundi Kakamega mjini, na sitaki unyenyekevu wa uongo hapa: nilikuwa fundi mzuri na nilijua hivyo. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Mteja akiniuliza swali nilimtazama kwanza kuanzia viatuni ndipo nimjibu. Mwenye gereji alikuwa na pikapu moja aliyoikodisha kwa watu wenye mizigo, wenye harusi na wenye matanga. Dereva wake nilikuwa mimi, ili ikiharibika njiani fundi awe ndani tayari.

Wiki ile rejeta ya pikapu ilikuwa inavuja chini, tone moja moja. Mwenye gereji akaniambia niifungue niipeleke kwa mtu wa kuchomelea, kwa sababu Ijumaa kulikuwa na familia ya upande wa Malinya iliyotaka kumtoa mama yao mochari. Nikasema sawa. Lakini Alhamisi asubuhi kulikuwa na mapigano ya fahali huko huko Malinya, na fahali wawili niliokuwa nikisikia wakisifiwa tangu mwaka wa jana walikuwa wakutanishwe. Sasa wewe niambie, mtu aliyezaliwa huko Ikolomani, nchi ya fahali, angefanya nini? Nilikwenda kutazama fahali. Nilirudi mchana sauti imenikauka kwa kushangilia, na mwenye gereji alipouliza habari za rejeta nikamwambia imeshachomelewa na imerudi mahali pake. Nilimwambia hivyo huku nikifuta mikono isiyokuwa na uchafu wowote.

Ijumaa nilifika kwa ile familia mapema kuchukua watu wa kwenda mochari. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vimekodishwa kutoka kanisani, wanaume wanapasua kuni. Nikachungulia chini ya pikapu. Lile tone lilikuwa limegeuka mchirizi.

Nikaenda jikoni, ile nyumba ndogo ya nyuma, nikamkuta mke wa mwana wa marehemu akiwa peke yake na sufuria tatu za chai. Huyo ndiye aliyemuuguza yule mama. Miaka miwili alimgeuza kitandani, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko. Watoto wengine wa marehemu walikuwa mbali, kwenye kazi zao, nao walikuja siku hiyo wakiwa na nguo nyeusi zilizopigwa pasi. Yeye macho yalikuwa yamemvimba na leso aliyojifunga ilikuwa na jivu.

"Mama, nisaidie unga kidogo," nikamwambia.

"Unga wa nini, Fundi?"

"Wa kutoa grisi mikononi."

Hakuuliza tena. Alinichotea bakuli zima, unga wa mahindi wa kusiaga posho, ule wa kinuni, haujachekechwa, makapi yake yote yamo. Akaniambia nikishanawa nirudi ninywe chai, kwa maana si vizuri mtu kuendesha watu akiwa na njaa. Nilirudi. Nilikunywa vikombe viwili.

Ujanja wa unga hatukuuanzisha sisi wa Kakamega, lakini tuliupenda. Rejeta ikikuvujia porini na huna la kufanya, unatia kiganja kimoja cha unga. Maji yakipata moto unga unavimba, unakwenda kukaa kwenye tundu, nawe unafika nyumbani kwako. Kesho yake unaifungua na kuiosha. Kiganja kimoja tu. Mimi nilitia cha kwanza, nikawasha, mchirizi ukaendelea. Nikatia cha pili. Cha tatu nilitia kwa hasira, maana nilikuwa nimechelewa na sipendi kushindwa na kitu kisicho na mdomo. Nikawasha tena, mchirizi ukakauka. Nilikuwa nimesonga ugali ndani ya rejeta, na nikajipongeza.

Kwenda mjini pikapu ilikimbia bila kosa. Ilikuwa nyepesi, asubuhi ina baridi, na unga ulikuwa bado unaelea ndani kama uji mwepesi. Halafu mochari tukasubiri. Karatasi moja ilikosa mhuri, mwenye mhuri hajafika, alipofika akaenda kula. Masaa manne pikapu ilisimama pale huku injini ikipoa na unga ukishuka taratibu kwenye vijibomba vya rejeta na kuganda humo. Mimi nilikuwa nimelala kwenye usukani, kofia usoni.

Tulirudi tukiwa wengi. Jeneza nyuma, wanawake wameketi kandokando yake, mke wa mwana akiwa kichwani mwa jeneza, ameliwekea mkono lisitikisike. Mumewe alikuwa huko nyuma pia. Mbele kando yangu alikaa mzee mmoja, shemeji wa yule mama, mdogo wa mumewe aliyekufa zamani, ambaye ndiye aliyekuwa akiamua mambo katika ukoo ule. Tulipoacha lami na kushika barabara ya udongo, tukakuta watu wametungojea na ngoma za isukuti. Wakatangulia mbele wakiimba na kukimbia pole pole, nami nikawafuata kwa gia ya kwanza. Ngoma ilikuwa nzuri, watu wengi, yule mama alikuwa amependwa. Nikatazama mshale wa joto, nikauona unapanda.

Ilizimika kwenye mtelemko wa kijito, kabla ya kupanda kilima. Mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Nikashuka, nikainua, nikazungusha kitambaa mkononi nikashika paipu ya juu: moto wa kuchubua ngozi. Nikashika ya chini kwa mkono mtupu. Ilikuwa baridi kama shingo ya mtungi. Nikaelewa yote hapo hapo, viganja vyote vitatu, na fahali wawili wa Alhamisi, na uongo niliomwambia mwenye gereji.

Sasa, kwetu gari lililobeba maiti likikwama, watu hawaangalii boneti kwanza. Wanaangaliana. Inasemekana marehemu amekataa kwenda nyumbani, ana neno na mtu, na mtu huyo yuko papo hapo katika msafara. Inabidi ajitokeze, aseme na maiti, aombe radhi, ndipo gari liondoke. Nimelisikia jambo hilo tangu utotoni, na ukiniuliza leo kama ninaliamini nitakujibu sijui. Lakini siku ile sikuwa na haja ya kuamini wala kutoamini. Jibu lilikuwa mikononi mwangu, mkono mmoja unauma na mwingine hauumi.

Ngoma zikanyamaza. Yule mzee akaja akasimama kando yangu mbele ya boneti.

"Fundi," akasema, "hili gari si lilikuja vizuri asubuhi?"

"Lilikuja vizuri, Mzee."

"Na mjini lilifika vizuri?"

"Lilifika."

"Basi nieleze. Ni gari, ama si gari?"

Watu wote walikuwa wamegeuka kunitazama. Wengine walikuwa wateja wangu. Nilifikiria mwenye gereji akisikia, nilifikiria watu wakisema fundi mkubwa yule alimpikia marehemu ugali kwenye injini. Kicheko ndicho nilichokiogopa. Si kufukuzwa kazi, si kingine. Naona haya hata kuandika.

"Gari liko sawa," nikasema.

Maneno matatu tu. Yule mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akingojea hayo hayo, akaenda nyuma, nami nikasikia akisema, "Bibi ya mtoto wetu, shuka."

Yeye hakushangaa, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alishuka kama mtu aliyejua ataitwa. Alikuwa amezaa wasichana watatu tu, alikuwa mgeni aliyeolewa kutoka upande wa Butere, na kwa miaka miwili ndiye peke yake aliyekuwa chumbani na mgonjwa. Wale waliokaa mbali bila kuja kumwona mama yao walihitaji mtu wa kubeba lawama, na yeye alikuwa karibu. Mumewe alikuwa akitazama viatu vyake. Akapigishwa magoti barabarani nyuma ya pikapu, uso kwa jeneza.

"Mama," akasema, "kama kuna mahali nilikukosea, nisamehe. Kama uji ulikuwanga baridi, nisamehe. Kama uliniita usiku nikachelewa, nisamehe. Twende nyumbani, Mama."

Akaendelea hivyo kwa muda mrefu. Wanawake wawili walikuwa wameteka maji kijitoni kwa jerikeni, nikayamimina kwenye rejeta kidogo kidogo, nikijifanya nina shughuli kubwa. Kifuniko nilikifunika kwa mwili wangu ili mtu asione ule weupe wa unga uliokuwa umetanda mdomoni mwa rejeta. Injini ikapoa. Ingepoa vile vile kama angekuwa anasimulia hadithi, au anaimba, au amelala. Yule mzee akaniambia, "Jaribu sasa." Nikawasha. Ikawaka mara moja.

Watu wakashusha pumzi. Nikasikia mmoja nyuma yangu akisema, "Mmeona?" Nikaingiza gia.

Nilijiambia tukifika tu nitamvuta yule mzee kando nimweleze. Lakini hatukufika. Kilima kilikuwa kirefu, watu mbele wanakimbia na ngoma zao, mimi nyuma yao kwa gia ya kwanza tena, na nusu ya mlima mshale ukarudi kule kule. Pikapu ikazimika mara ya pili. Kutoka pale ungeweza kuona turubai la nyumbani kwao na moshi wa jikoni.

"Kuna kitu ameficha," mmoja wa mabinti wa marehemu akasema, yule aliyekaa mbali kuliko wote. "Hajasema yote. Mama anajua."

Akashushwa tena. Safari hii hawakumngojea apige magoti, walimsukuma. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa nilifungua mdomo, na yule mzee akanigeukia kunisikiliza, na kilichotoka kikawa, "Lipewe dakika chache." Basi wao wakaelewa kwamba hata fundi anasema yule mwanamke apewe muda wa kutoa lililobaki.

Yeye akasema, kwa sauti ndogo ambayo ilitulazimu wote kunyamaza.

"Mama, siku moja nilikuambia neno. Ulikuwa umekataa kula siku ya tatu, na mimi nilikuwa sijalala. Nilikuambia, Mama, si upumzike tu, na mimi nipumzike. Nilikuambia hivyo. Ukanitazama tu. Nisamehe. Sikumaanisha, nilikuwa nimechoka."

Hapo ndipo mumewe alipoinua macho kutoka viatuni, na alivyomtazama mkewe sitaki kukueleza. Baada ya robo saa nikawasha, na pikapu ikapanda kilima, ikaingia uani moja kwa moja bila kukohoa. Mtu yeyote aliyekuwapo atakuambia hadi leo kwamba aliona kwa macho yake.

Yule mama alizikwa Jumamosi. Nilisikia kwamba mke wa mwana hakuruhusiwa kutupa udongo kaburini. Mahindi hayajavunwa, akawa amerudishwa kwao Butere na binti yake mdogo mgongoni, wale wawili wakubwa wakabaki na baba yao. Aliyeniletea habari hizo alikuwa mteja, alikuwa ameleta gari niangalie breki. Alizisimulia kama watu wanavyosimulia mvua. "Alimwombea mama wa watu kifo," akasema. Nilikuwa chini ya gari, na nilikaa huko chini muda mrefu kuliko breki zilivyohitaji.

Rejeta niliifungua Jumatatu baada ya mazishi, nyuma ya gereji, mlango umefungwa. Nilitoa ugali kwa waya, vipande vyeupe virefu vyenye umbo la vijibomba, nikavitupa uani. Kuku wakaja wakala wote, wakadonoa hata udongo. Kisha nikaipeleka ikachomelewa, kazi ya asubuhi moja.

Ungedhani ningekwenda kusema. Malinya si mbali, hata kwa miguu mtu anafika. Nilipanga kwenda mara nyingi. Kila mara nilijipa sababu: yule mzee anaumwa, tungoje apone, mvua, kazi, na mwisho ikawa, nitaanzaje baada ya muda wote huu? Mtu akichelewa na jambo wiki moja anaona aibu, akichelewa mwaka anaona aibu mara mbili, na mimi nilikuwa na miaka minne. Nikawa fundi mpole. Wateja walifurahi, wakasema nimeokoka.

Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka hiyo minne nilipoitwa Butere kuangalia lori la miwa lililokuwa linachemka. Nilishika paipu, zote moto. Ulikuwa mkanda wa feni umelegea, nikaukaza, kwisha. Nikatoka kwenda sokoni kutafuta chai, na mwenye kibanda cha chai akawa ni yeye. Alinitambua kabla sijaketi.

"Fundi," akasema. "Habari za Kakamega?"

Ningeweza kunywa chai nikaenda zangu. Nakuambia ukweli, nililifikiria. Lakini miguu ilikataa, basi nikaketi kwenye benchi lake na kumwambia kila kitu bila kupumzika, kuanzia fahali hadi kuku. Alikuwa akikoroga chai kwenye sufuria. Mkono wake ukaanza kupungua kasi, kisha ukasimama.

"Ngoja," akasema. "Ule unga niliokupa mimi?"

"Ule ule."

"Ulisema ni wa kunawa."

"Nilikudanganya."

Nikamwambia nitakwenda kwa wakwe zake, siku hiyo hiyo akitaka, nisimame mbele yao wote niseme. Akatikisa kichwa. Akasema mumewe alishaoa, na wasichana wale wawili wakubwa huja kumwona likizo zikifika, na watu wale hata ningewapelekea rejeta yenyewe wangesema nimehongwa.

"Wale walikuwa wananitafutia njia," akasema. "Kama si gari ingekuwa mvua, kama si mvua ingekuwa paka. Hao niliwaachia. Mimi shida yangu ilikuwa na Mama."

Sikumwelewa. Akaepua sufuria, akaketi kwenye kigoda mbele yangu.

"Nieleze tena," akasema. "Pole pole. Namna inavyochemka na namna inavyopoa."

Nikamweleza. Nikatumia sufuria yake: moto ukiwa chini, inachemka na kufurika, ukiiepua inatulia yenyewe, hakuna anayeiomba itulie. Nikamweleza paipu ya juu na paipu ya chini. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa barua, hakunikatiza hata mara moja.

"Kwa hivyo Mama hakuwa amekataa kwenda."

"Hakukataa."

"Hakuwa na neno na mimi."

"Ilikuwa rejeta tu, Mama. Ilikuwa mimi."

Mteja mmoja akaja, akamwona alivyo, akaenda kibanda kingine.

"Miaka minne nimemwomba msamaha," akasema. "Kila nikilala. Ninamwambianga, Mama, ulinikataa mbele ya watu, nimekusikia, sasa nisamehe. Nilikuwa nimejua alikufa akiwa amenikasirikia." Akapangusa uso kwa ncha ya leso. "Na lile neno nililosema pale mlimani. Kama singelisema, gari lingeondoka?"

Nilitamani sana kumdanganya. Ningetoa chochote.

"Lingeondoka," nikasema. "Lilikuwa limeshapoa."

"Hakuna mtu alikuwa analijua lile neno. Ni mimi na Mama tu." Alisema hivyo akitazama mikono yake. "Kumbe ningenyamaza, Fundi. Ningenyamaza tu."

Kisha akainuka, akatwaa kikombe, akakisuza, akanimiminia chai na kuiweka mbele yangu, akisema Kakamega ni mbali na si vizuri mtu kusafiri na njaa. Niliishika kwa mikono miwili hadi ikapoa. Sikuweza kuinywa.